Nani Kasema Kiswahili Hakijui Hesabu?

 

Nina kisa. Jumamosi moja tulikaa chumbani kwa mwenzetu mmoja Mzanzibari, watu kama wanane hivi, pilau imeshaliwa, chai ya tangawizi inazunguka. Mwenyeji wetu katoa bao lake alilolibeba kwenye sanduku kutoka kwao, lile lenyewe la mashimo 32 na kete 64, anawafundisha Wakenya wawili tofauti ya mtaji na takata. Pembeni wengine wanacheza sataranji. Jamaa mmoja anayesoma uinjinia akatazama huku, akatazama kule, akasema: "Mmeona? Kete 64 huku, vyumba 64 kule." Basi akaanza kutuhadithia ile hadithi ya mfalme wa Uhindi na fundi aliyebuni sataranji.

Wengi mnaijua. Mfalme alimwambia fundi achague zawadi. Fundi akasema, mie sitaki makubwa: niwekee punje moja ya mchele kwenye chumba cha kwanza, mbili cha pili, nne cha tatu, nane cha nne, uende ukiongeza mara mbili mpaka chumba cha 64. Mfalme akacheka. Wahasibu walipopiga hesabu, kicheko kikaisha. Jumla ni punje 18,446,744,073,709,551,615. Al-Biruni, yule mwanachuoni wa Khwarazm, aliipata namba hii kamili miaka kama elfu moja iliyopita, bila kompyuta wala kikokotoo. Ukichukulia kwamba punje 40 zina uzito wa gramu moja, huo ni mchele wa tani bilioni 461. Dunia nzima inavuna kama nusu bilioni ya tani kwa mwaka, kwa hiyo tungelima kama miaka 900 bila kula hata sahani moja. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Huyu fundi alitaka kujaza ghala la dunia!

Mwenzetu aliiandika namba hiyo nyuma ya bahasha, akatutania: "Haya, nani ataisoma kwa Kiswahili?" Mtanzania mmoja akajitosa. "Kwintilioni kumi na nane, kwadrilioni mia nne arobaini na sita, trilioni mia saba..." Hakufika mbali. Watu walishavunjika mbavu. Mmoja akafunga mjadala: "Bwana we, acha. Kiswahili hakijui hesabu. Hiyo ni lugha ya taarabu na vikao vya harusi." Tukacheka tena, na mimi nikiwemo, halafu mazungumzo yote ya hesabu yakahamia kwenye Kiingereza. Bao likaendelea kwa Kiswahili.

Nilipopanda basi la usiku kurudi kwangu, kicheko kile kilianza kunikereketa. Nilikumbuka jambo lililotokea siku chache kabla.

Nilikuwa nimekwenda Barking kumsalimia mama mdogo wa rafiki yangu. Ni mama wa Morogoro, alisoma mpaka darasa la saba, na sasa anafanya usafi wa ofisi usiku. Mwanawe wa miaka kumi alikuwa mezani na kazi ya shule: tafuta LCM ya 12 na 18. Mtoto akamwuliza mama yake. Mama akajibu, "Mwanangu, mimi hayo sikusoma. Msubiri kaka yako." Kwa uchokozi tu nikamwuliza, "Mama mdogo, KDS ya 12 na 18 ni ngapi?" Akajibu palepale, mikono iko kwenye maji ya vyombo, hata kichwa hakugeuza: "Thelathini na sita." Nikamwambia, ndiyo hiyo mtoto anayoulizwa. Akafunga bomba, akageuka. "Kumbe ndiyo hiyo?"

Jamani, ndiyo hiyo. Kigawe Kidogo cha Shirika. Mama huyu amekaa nayo kichwani tangu darasani Morogoro, haijapotea wala kuota kutu. Amekaa London miaka yote akiamini kwamba hajui hesabu, na mwanawe anakua akiamini hivyo hivyo kuhusu mama yake. Hakuna aliyempora elimu yake. Imefungiwa tu ndani ya lugha ambayo sisi wasomi, tukiwa tumeshiba pilau, tunaicheka.

Ndiyo maana nimeamua kuichukua ile namba ya kwenye bahasha na kuipasua hapa hapa kwa Kiswahili cha shule ya msingi. Tuone inashindwa wapi.

Kwanza, namba hii imetoka wapi? Jumlisha vyumba viwili vya mwanzo: 1 na 2 ni 3, yaani 4 kasoro 1. Vitatu: 1, 2 na 4 ni 7, yaani 8 kasoro 1. Kila ukisimama, jumla yako ni pungufu kwa moja tu kuliko kile ambacho kingewekwa chumba kinachofuata. Kwa hiyo jumla ya vyumba 64 ni mbili iliyozidishwa kwa mbili mpaka zimetumika mbili 64, halafu ukatoa moja.

Pili, tuigawanye. Inaishia na 5, hivyo inagawanyika kwa 5. Tukijumlisha tarakimu zake zote tunapata 87, na 87 inagawanyika kwa 3, hivyo na namba yenyewe inagawanyika kwa 3. Haigawanyiki kwa 9, kwa sababu 87 haigawanyiki kwa 9. Mpaka hapa hatujatoka nje ya shule ya msingi.

Sasa kuna ujanja mmoja. Chukua namba yoyote, izidishe kwa yenyewe, toa moja. Jibu lako lazima ligawanyike kwa namba iliyotangulia ile uliyoanza nayo, na kwa ile inayoifuata. Mfano: 10 mara 10 ni 100, toa 1 ni 99, na 99 ni 9 mara 11. Au 16 mara 16 ni 256, toa 1 ni 255, nayo ni 15 mara 17. Namba yetu kubwa iko hivyo hivyo: ni 4,294,967,296 ikizidishwa kwa yenyewe, halafu ukatoa moja. Kwa hiyo ni 4,294,967,295 mara 4,294,967,297. Ile ndogo kati ya hizo mbili nayo inapasuka kwa ujanja uleule: 65,535 mara 65,537. Kisha 65,535 ni 255 mara 257. Kisha 255 ni 15 mara 17. Na 15 ni 3 mara 5. Kama kumenya kitunguu, ganda baada ya ganda.

Tumebaki na ile 4,294,967,297. Hapa ndipo penye utamu. Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat, mmoja wa vichwa vikubwa vya hisabati Ulaya, aliona kwamba 3, 5, 17, 257 na 65,537 zote ni namba tasa, akaamini kwamba namba zote zinazofuata mtindo huo zitakuwa tasa pia. Inayofuata ndiyo hii. Takriban miaka mia moja ilipita. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kwamba Fermat alikosea: namba hii inagawanyika kwa 641.

Aliipataje? Baadaye Euler alieleza kwamba namba tasa yoyote inayoweza kuigawanya lazima iwe kigawe cha 64 ukiongeza 1. Naam, 64 ileile ya bao! Ukiandika orodha unapata 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Toa zile zisizo tasa, zinabaki tano tu: 193, 257, 449, 577 na 641. Nne za mwanzo zinaacha baki. Ya tano haiachi: 641 mara 6,700,417 ni 4,294,967,297 kamili. Na hiyo 6,700,417 nayo ni tasa. Chukua kalamu ujaribu, dakika tano zinatosha.

Basi namba yetu imepasuka yote: 3 × 5 × 17 × 257 × 641 × 65,537 × 6,700,417. Ni namba tasa saba, hakuna iliyojirudia. Kwa sababu hiyo ina vigawo 128 hasa, yaani kama kete za mabao mawili. Nimetumia maneno gani? Gawanya, zidisha, toa, baki, tarakimu, kigawo, kigawe, namba tasa. Yote yamo vichwani mwa watoto wa Tanzania wanaosoma Hisabati kwa Kiswahili katika shule za msingi. Kiswahili hakikushindwa popote.

Tena tulitazame hilo neno "tasa". Kwa Kiingereza namba hiyo huitwa "prime", yaani ya kwanza, na mtoto hapati fununu yoyote inamaanisha nini. Kwa Kiswahili tasa ni kiumbe asiyezaa: namba ambayo ukitaka kuigawa haikuzalii chochote isipokuwa moja na yenyewe. Najua wapo wasiolipenda neno hili kwa sababu mitaani hutumika kumwumiza mwanamke asiye na mtoto, na hoja yao ina uzito. Lakini kama neno la kufundishia, linajieleza lenyewe. Vivyo hivyo "witiri" na "shufwa". Mtoto wa Unguja au Mombasa aliyesikia sala ya witiri anajua tayari kwamba haigawanyiki sawasawa kwa mbili.

Sasa mtaniuliza, namba hii inatusaidia nini sisi tunaohangaika na kodi ya nyumba? Simu iliyo mfukoni mwako, kama ni ya miaka ya karibuni, huenda inahesabu kwa biti 64, yaani nafasi 64 za sifuri au moja. Namba nzima kubwa kuliko zote inayoingia kwenye nafasi hizo, ukiacha alama ya hasi, ni hiyohiyo 18,446,744,073,709,551,615. Punje za mfalme zimo mfukoni mwako.

Na ile 65,537 je? Hiyo inatumika sana kulinda siri kwenye mtandao, kwa mfumo unaoitwa RSA, uliobuniwa Marekani mwaka 1977 na Rivest, Shamir na Adleman. Mwingereza Clifford Cocks wa shirika la ujasusi wa mawasiliano hapa Uingereza alikuwa ameshaugundua mwaka 1973, lakini ukafichwa mpaka 1997. Siri yake ni namba tasa: chukua mbili kubwa sana, zizidishe, tangaza jibu, ficha zile mbili. Kuzidisha ni rahisi, kupasua ni balaa. Namba zinazotumika sana leo zina tarakimu kama 617, na mwaka 2020 watafiti waliotumia nguvu kubwa ya kompyuta waliweza kupasua moja ya tarakimu 250. 65,537 hutumika kwenye ufunguo wa wazi, ule wa kufungia ujumbe, kwa sababu kazi yake inakwisha kwa kuzidisha namba kwa yenyewe mara 16 na kuzidisha mara moja zaidi. Ni nyepesi kwa mashine. Kwa hiyo unapoingia kwenye tovuti ya benki kumtumia mama hela ya dawa, huenda inayokulinda njiani ni hesabu ya namba tasa. Mama wa Barking anazijua namba tasa. Hajaambiwa tu.

Nina neno pia kwa viongozi wa vyama vyetu. Kila Oktoba, ukifika Mwezi wa Historia ya Watu Weusi, tunabandika mabango ya ule mfupa wa Ishango, uliopatikana mwaka 1950 na Mbelgiji Jean de Heinzelin kando ya Ziwa Edward, mashariki mwa Kongo. Una umri wa kama miaka 20,000, na mstari wake mmoja una mikato 11, 13, 17 na 19, ambazo zote ni namba tasa. Tunaandika kwa herufi kubwa kwamba Mwafrika alizijua namba tasa kabla ya wote. Ukweli ni kwamba wataalamu hawajakubaliana mikato ile ina maana gani. Wapo wanaosema ni kalenda ya mwezi, wapo wanaosema ni hesabu tu za kawaida. Mfupa wenyewe uko Brussels, saa mbili kwa treni kutoka St Pancras. Ni vizuri kwenda kuuona. Lakini tuwe wakweli: tunajisifia namba tasa za miaka 20,000 iliyopita, huku tukiona aibu kumweleza mtoto namba tasa leo kwa lugha ambayo watu wa mashariki mwa Kongo wanaizungumza. Fahari gani hiyo?

Nisikilize na upande wa pili, maana nimeshaijaribu hoja hii kwa wenzangu na nimepigwa maswali. Mkenya mmoja aliniambia, "Sisi tulisoma hesabu kwa Kiingereza, hiyo KDS yenu ningeijulia wapi?" Ana haki. Mganda na Mkongomani pia wana njia zao. Sisemi kila mtu abadilike. Nasema aliyenayo asiitupe, na asiyenayo asimcheke mwenye nayo.

Wengine wanasema mitihani ni ya Kiingereza, kazi ni za Kiingereza, unampotezea mtoto muda. Kwa kweli msimamizi wangu hawezi kusoma tesisi yangu kwa Kiswahili, na siombi hivyo. Lakini tazameni ilivyokuwa Barking. Mtoto hakukosa neno LCM, hilo alikuwa nalo kwenye karatasi. Alikosa mtu wa kumweleza maana yake, na mtu huyo alikuwa amesimama hatua mbili kutoka mezani. Majina ya Kiingereza yanayohitajika kwa kazi za mtoto yule hayazidi ishirini na kitu, yanakaririwa kwa wiki moja. Uelewa hauji kwa wiki moja.

Wapo pia wanaosema kwintilioni si Kiswahili. Sawa, na milioni ni ya nani? Laki imetoka Uhindi, elfu imetoka Uarabuni, sita, saba na tisa vilevile. Babu zetu walisema kenda kabla ya kusema tisa. Waingereza nao milioni waliazima. Hata bilioni waliibadilisha maana: zamani hapa ilikuwa milioni mara milioni, mpaka mwaka 1974 Waziri Mkuu Harold Wilson alipolijulisha Bunge kwamba serikali yake itaitumia kwa maana ya milioni elfu moja. Hakuna aliyesema Kiingereza hakijui hesabu. Walikubaliana, wakaendelea. Na lugha yetu ilipimia pembe na karafuu kwa frasila na nafaka kwa pishi, pwani yote, kabla wengi wetu hatujajua London iko upande gani. Mfanyabiashara asiyejua hesabu angefilisika siku ya kwanza.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili, madogo na yasiyo na gharama. La kwanza: kila tunapokuwa na mkutano wa Jumamosi, iwepo meza moja, saa moja, kwa wazazi na watoto. Hatuwaiti wazazi waje kufundishwa. Tunawaita waje kufundisha, nasi tuwape karatasi moja tu yenye majina mawili mawili: KDS upande huu, LCM upande ule. La pili: kila anayesoma sayansi, tiba, uchumi au uinjinia asimame mara moja kwa mwaka, atueleze kwa dakika kumi kwa Kiswahili anachosoma. Atababaika, nasi tutacheka. Lakini tucheke tukiwa pamoja naye, tumsaidie kutafuta neno, na siku ya pili atababaika kidogo zaidi ya pungufu. Ndivyo lugha zote zilivyokua.

Nimalizie na mama wa Barking. Jumapili iliyopita nilipita tena. Nilimkuta na mwanawe mezani, kitabu cha mtoto kimefunguliwa katikati yao. Mama anasema "kigawo kikubwa cha shirika", mtoto anasema neno la Kiingereza, wanaangaliana, wanaandika. Nilipomwamkia alinijibu "marahaba" bila kunitazama, akaniambia nikae kwanza, hajamaliza.

Nikakaa. Na hapo, ndugu wasomaji, naomba kutoa hoja.